Mke wa Anshel

Jumatatu, 18 Machi 1946

Jana ilikuwa sikukuu ya Purimu, leo Kalmen ameniposa. Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Dada zangu wote wako chini ya udongo ng'ambo ya mto Dniester, na mtu pekee ninayeishi naye ni mavyaa wangu, Brana, ambaye ndiye wa mwisho duniani kuambiwa habari kama hii.

Kalmen ni mwoka mikate. Aliniposa katikati ya magunia ya unga, nyusi zake nyeupe pepe, na hakuzunguka mbuyu hata kidogo. Mwezi wa Mei kuna meli itaondoka bandari ya Konstanta kwenda kwenye Nchi yetu, ile Takatifu. Wanaoandika majina wanawatanguliza waliooana, na orodha inafungwa tarehe 25 Aprili, siku mbili baada ya Pasaka kwisha. Nikamwambia, "Kalmen, mimi ni mke wa mtu." Akanijibu taratibu tu, "Najua. Yuko wapi huyo mtu, Perla?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Anshel alichukuliwa kwenye kazi za kulazimishwa Julai ya mwaka wa arobaini na moja, miezi saba baada ya harusi yetu. Hakurudi, wala hakuna aliyesema alimwona amekufa. Kwa sheria yetu mwanamke wa namna yangu amefungwa: mume hana, na mjane naye si. Akitokea shahidi mmoja tu aliyeuona uso wa Anshel akiwa maiti, Rabi Toviya ananifungua siku hiyohiyo. Asipotokea, nitazeeka hivihivi.

Mke wa Kalmen alifia mikononi mwake kule kambini ng'ambo ya mto, tulikopelekwa sote wakati wa vita, akamzika mwenyewe. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Alhamisi, 21 Machi

Hakuna mvua.

Jumapili, 24 Machi

Tumeanza kuoka mikate ya Pasaka, ile isiyochachuka, mara ya kwanza tangu turudi. Unga ni wa msaada kutoka Amerika. Tuko wanawake sita mezani, na mimi ndiye mwepesi kuliko wote kwa kusukuma, sijisifu, waulizeni. Tangu maji yaguse unga mpaka mkate uingie tanuri, dakika kumi na nane. Ikizidi moja, donge lote linatupwa. Kalmen anasimama na saa mkononi akitukemea kama askari, halafu anatutania. Leo aliniambia mikono yangu ina haraka kuliko kichwa changu. Nikamwambia kichwa changu kina mtu ndani yake. Wenzangu wakainamia unga wao, nami nikajuta.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Brana amelala kifudifudi jikoni, sikio sakafuni. Nilidhani ameanguka. Akaniashiria ninyamaze.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Panya hao, Mama."

"Panya hawabingiriki," alisema, akainuka na kujipangusa magoti.

Wazee wetu wanafundisha kwamba siku ya ufufuo, wafu waliozikwa mbali watabingirika chini kwa chini hadi Nchi Takatifu, na huko ndiko watakakosimama. Tangu utotoni nimelijua hilo, lakini sijawahi kuona mtu akilitegea sikio.

Ijumaa, 29 Machi

Leo tumegawa nguo za marehemu Fishl. Alikufa Februari kwa ugonjwa wa mapafu, peke yake, mwaka mmoja tu baada ya kurudi. Alikuwa kwenye kundi moja la kazi na Anshel, mtu pekee wa kundi lile aliyerudi mjini kwetu. Nilimwuliza mara ngapi! Jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba walitenganishwa kwenye mto Bug na hakuona kitu. Mara ya mwisho nilimpelekea supu. Akaisifu, kisha akaanza kulia huku kijiko kiko mdomoni, nikadhani ni homa.

Brana ndiye aliyemwuguza. Kila siku alikwenda kwake na chakula, na sisi wenyewe tulikuwa tunakula ugali mtupu. Nimseme nimchoke, lakini mavyaa wangu ana moyo. Angeweza kunifukuza nilipopoteza kila kitu. Alinipa kitanda cha mwanawe, akalala jikoni.

Jumanne, 2 Aprili

Mwezi wa Nisani, mwezi wetu wa Pasaka, umeingia. Mwezi huu hatuombolezi, wala hatuendi makaburini. Vumbi mpaka kwenye meno. Wakulima wanasema mahindi waliyopanda yamebaki yalivyo ardhini, hayajaoza wala hayajaota.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda kwa Rabi Toviya. Nilimwuliza wazi: miaka mitano si ushahidi? Mzee wa watu akafungua vitabu vitatu mbele yangu, akavifunga vyote. Alisema angekuwa na marabi wenzake wawili wakubwa, pengine wangethubutu pamoja. Wa kwetu wamekufa. Amewaandikia marabi wawili wa mji mkubwa, wao wakajibu: tafuteni shahidi. "Mtu yeyote, Perla. Hata aliyesikia kwa aliyeona. Katika jambo hili sheria inalegeza, hata mwanamke anaaminiwa." Nikatoka nimejaa matumaini ya kipumbavu, kana kwamba mashahidi wanauzwa sokoni.

Kalmen alinipa shauri lake. Twende kwa karani wa serikali, atuoze kwa mhuri, habari iishe. Nilimwuliza kama yuko tayari watoto wetu waitwe haramu hadi kizazi cha kumi. Akachukua kisu akaanza kukwangua meza.

Jumatano, 10 Aprili

Nimesikia mimi mwenyewe. Nilikuwa nafua, mchana kweupe, Brana hayupo. Chini ya mbao za jikoni kitu kizito kilikwenda taratibu, kikasimama, kikaenda tena. Kilielekea mashariki, upande tunaogeukia tukisali, kuelekea mlangoni. Niliacha nguo majini nikatoka nje na mikono ina povu. Jirani akaniuliza kuna nini, nikasema joto.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna mvua. Mikate imekwisha kuokwa. Kila familia imepata kilo nne, na viazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Hizi ni siku za katikati ya sikukuu, hatuandiki kama kawaida. Mwenye lazima huandika herufi za mshazari ili siku zisifanane na nyingine. Basi haya yote yamelala upande, na mimi mwenyewe nimelala upande.

Usiku wa kwanza wa Pasaka Kalmen alikuwa mgeni wetu, kwa kuwa hana kwao. Brana alimkaribisha vizuri, mpaka alipotaka kuvuta kiti kilicho karibu nami. Akamwambia, "Hapo pana mtu." Kalmen akaenda kukaa mwisho wa meza, karibu na ndoo ya maji, asile vizuri maskini. Tulipofika kwenye kikombe cha nabii Eliya, mlango hufunguliwa ili aingie. Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Brana akaufungua yeye. Hakurudi mara moja. Alisogea kando ya kizingiti, kama unavyompisha mtu aliyebeba mzigo, akasubiri, ndipo akafunga. Kisha akakivuta nyuma kidogo kile kiti kitupu.

Nilimtazama Kalmen. Alikuwa ameinamisha macho kwenye sahani. Kusema kweli niliogopa, na sikuwa namwogopa Brana. Niliogopa kwa kuwa mwili wangu ulijikunja ili kumpa mtu nafasi.

Asubuhi yake, sinagogini, Rabi Toviya alivaa joho jeupe akaomba umande, kama tufanyavyo kila mwaka siku hiyo. Kwa umande, tunaamini, Mungu atawaamsha waliokufa. Sauti ilimkauka. Tulipotoka nje udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kuingia kidole.

Kalmen alinisindikiza hadi kona. Alisema, "Siku tisa zimebaki, Perla." Nikamwambia najua kuhesabu.

Jumapili, 21 Aprili

Bado naandika mshazari.

Sabato ya katikati ya Pasaka husomwa maono ya nabii ya bonde la mifupa: mifupa mikavu inasogeleana, inapata mishipa na nyama na ngozi, inasimama, jeshi zima. Tulikuwa wanawake saba juu kwenye roshani. Rabi akaeleza kwamba mifupa hiyo ni taifa lote, sisi tuliosema matumaini yetu yamekatika, na kwamba tutatolewa makaburini na kurudishwa kwenye Nchi yetu. Vijana watakaoondoka na meli walikuwa chini wamekaza macho. Kalmen aliinua uso akanitazama, akaukunja mkono wake uliokonda kunionyesha kwamba nyama imeanza kuota. Nilikaribia kucheka. Nilijiona niko melini.

Brana kando yangu alikuwa analia, tena kwa furaha. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika kiwiko.

"Umesikia, mwanangu? Wanasimama wote. Yeye atachelewa kidogo tu. Kutoka Bug ni mbali, na amelala upande wa pili wa mto."

Nilitembea hatua tatu nne kabla ya kuelewa. Kisha nikasimama katikati ya njia.

"Nani amelala, Mama?"

Nikamwambia, "Wanaofufuliwa ni waliokufa. Umejuaje kwamba Anshel amelala? Na umejuaje ni upande gani wa mto?"

Alijaribu kuendelea kutembea. Nikamshika, Mungu anisamehe, nilimshika mwanamke wa miaka sitini na sita mabegani njiani siku ya Sabato, nikamtikisa. Akaniambia. Fishl alimwambia yote jioni ileile aliyorudi, mwaka jana. Anshel alikufa Desemba ya mwaka ule wa kwanza, kwa homa ya matumbo. Fishl alimfumba macho. Alimwosha uso kwa theluji, akamchimbia kwa bakuli la bati kwa kuwa sepetu hazikuwapo. Alitaka aje kuniambia usiku uleule. Brana akampa mkono na kumlisha kiapo kwamba asimwambie mtu yeyote, mimi zaidi ya wote.

Kumbe zile sahani za chakula, kila siku, zilikuwa za kuuziba mdomo wa Fishl! Nami nikasema ana moyo.

Nilimwuliza kwa nini. Nilidhani ataniambia aliogopa kubaki peke yake, na hilo ningelielewa. Alinitazama kama naulizia jambo linalojulikana na watoto.

"Ataamka," alisema. "Ataamka, atajipangusa udongo, atauliza, 'Perla yuko wapi?' Nimwambie nini? Kwamba sikuweza kumtunzia mke wake muda mchache?"

"Muda mchache!"

"Mwanangu, mbele ya Mungu ni muda mchache."

Hana wazimu. Ningependa awe na wazimu. Miaka yote hii nilidhani hajakubali kwamba mwanawe amekufa, kumbe ni mimi niliyekuwa sijui. Yeye alijua tangu zamani, akaamua kuwa kifo ni safari tu, na mimi ni nyumba ya kufungwa mlango mpaka mwenyewe arudi.

Sikulia. Kwanza niliwaza: basi ni mjane. Nimefunguliwa. Shahidi yupo, alikuwa analala jikoni kwangu. Rabi alisema hata aliyesikia kwa aliyeona, hata mwanamke. Nilimwambia Brana, "Sabato ikiisha tu, unakwenda na mimi kwa rabi, utasema yote." Alikubali bila kubisha. Nadhani alichoka kuficha. Alisema hata yeye alikuwa akifikiria kusema siku moja, atakapoona sina budi. Alidhani neno lile liko mfukoni mwake, atalitoa siku akipenda.

Leo asubuhi tumekwenda. Kalmen alikuja amevaa kofia yake nzuri. Brana alisema kila kitu, wazi, bila kutia chumvi: bakuli la bati, theluji, macho. Rabi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaegemeza kichwa mikononi, akakaa hivyo mpaka nikadhani anaomba.

"Perla," alisema, "kuna wanawake watano ambao sheria haipokei neno lao mwanamke anapotaka kufunguliwa. Wa kwanza wao ni mavyaa."

Nilimwambia alisema mwanamke anaaminiwa. Akasema ndiyo, mwanamke yeyote wa sokoni, mtumwa, hata adui wa taifa aliyetaja habari hiyo katika mazungumzo yake. Si mavyaa. Sheria inahofia kwamba huenda anamchukia mkwe wake, anataka kumtia mtegoni aolewe, kisha mume atokee na amkute mzinzi.

"Mimi ndiye mama yake," Brana alisema. "Nani atamzulia mwanawe kifo?"

"Mimi nakuamini, Brana. Mji mzima utakuamini. Nisingekuwa rabi, leo ningewaoza." Alikuwa analia waziwazi. "Laiti Fishl angemwambia mtu mwingine yeyote. Angemwambia hata mpita njia."

Kalmen akagonga meza. Akauliza Mungu gani anayetaka hivyo, akatoka, kofia akaiacha. Brana alibaki ameketi. Nilimwona anaelewa taratibu, uso ukimshuka. Kinywa pekee duniani kilichobaki na kifo cha Anshel ni chake, na ndicho kinywa ambacho hakisikilizwi.

Jumatano, 24 Aprili

Pasaka imekwisha. Jana, siku ya nane, ilikuwa sala ya kuwakumbuka wafu. Ambao wazazi wao wote wawili wako hai hutoka nje sala hiyo inaposomwa. Zamani nusu ya sinagogi ilikuwa inatoka, na sisi watoto tulikuwa tunasukumana uani. Jana hakutoka hata mmoja.

Niliwataja baba, mama, dada zangu wanne. Kando yangu Brana akasimama na kumtaja mwanawe kati ya wafu, Anshel mwana wa Meir, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya kusikika chini. Kila mtu aliinua kichwa. Mama anaweza kumlilia kwa neno la Fishl. Kwa hilo hakuna anayemzuia. Mimi sikumtaja. Kwa sheria mume wangu yu hai. Siruhusiwi kumwashia taa wala kumkalia matanga, kwa maana kumlilia ni kujitangaza mjane. Nilisimama nimeuma midomo huku mwanamke aliyenifunga akilia machozi yangu.

Mchana alinipikia viazi. Nilivila. Sikuwa na nguvu ya kuvimwaga.

Alhamisi, 25 Aprili

Orodha imefungwa. Kalmen amejiandikisha peke yake, kwa sababu nilimlazimisha kwenda. Alitaka kubaki, angoje mpaka apatikane mwingine wa kundi lile, huenda yuko Urusi, huenda yuko popote. Nikamwambia nimeishi na mtu anayengoja, najua anavyokuwa, na sitaki kumtengeneza wa pili.

Jumanne, 30 Aprili

Nilikwenda stesheni kuwaaga wanaokwenda bandarini. Waliimba, vijana wale, wengine hawana hata mzazi mmoja, wamebeba sepetu mpya mabegani. Rabi alisema kweli, ni jeshi kweli, limesimama juu ya miguu yake. Nilitafuta cha kuonea uchungu lakini walikuwa wazuri mno. Kalmen alinipa mkono kupitia dirishani, mbele ya watu, akasema ataoka Pasaka ijayo Haifa na ataniwekea mkate mmoja. Nikamwambia aangalie saa yake, dakika kumi na nane. Kisha treni ikaondoka na wale walioamka, nami nikarudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 9 Mei

Hakuna mvua. Rabi ameandika barua nyingine sita.

Jumapili, 19 Mei

Brana hasikilizi tena sakafuni. Tangu siku ile amekuwa mdogo, ananiuliza hata kama anaweza kukaa. Leo aliniomba msamaha. Nikamwambia nampa kesho. Nimeona ameliweka neno hilo moyoni, analingojea, na nimeshtuka kugundua kwamba nilifurahi. Kwa hiyo nilirudi jikoni nikamsamehe leo. Nusu ya moyo haikuwepo, lakini mdomo ulikuwepo wote.

Mimi ndiye ninayesikia sasa. Kila mchana, nikiwa peke yangu, kinabingirika chini ya mbao, kinasimama chini ya miguu yangu, hakiendelei. Zamani kilikuwa kinaelekea mashariki.

Jumanne, 4 Juni

Kesho ni sikukuu ya Majuma. Sitaandika kwa siku mbili, na kurasa zimekwisha.

Asubuhi nilisimama kusali, uso kuelekea Yerusalemu. Baraka ya pili ni ile ya kumshukuru Mungu anayewafufua wafu. Miaka yote nilipofika hapo nilikuwa nalia kimyakimya, nikimwomba anirudishie Anshel, kwa sababu nilimpenda miezi saba na haikunitosha. Leo nilifika hapo nikaomba kwa sauti, bila machozi. Nilimwomba amfufue upesi, hata kwa nusu saa, aje na udongo wake vilevile, akae mbele ya rabi na mashahidi wawili, anipe talaka. Kisha alale tena, na mimi nipate kumlilia.